Ruta Ina Funguo Mbili

Mazungumzo na wafanyabiashara wadogo na wenye nyumba za kupangisha, ukumbi wa kata, Nkuhungu, Dodoma

Mbukwenyi!

Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti wa mtaa, mama zangu wa vikundi, vijana wa kopi na uwakala, wenye nyumba mliotoka Ng'ong'ona na Makulu mkaja kukaa nasi Jumamosi hii, asanteni sana. Jua la leo mnaliona wenyewe. Mtu akiacha biashara yake kwa jua hili aje asikilize habari za Wi-Fi, basi kuna jambo linamkera, na sitaki kumpotezea muda.

Naanza na swali. Anayejua nywila ya Wi-Fi ya kwake anyooshe mkono. Naona karibu ukumbi mzima. Haya, shusheni. Sasa anyooshe anayejua nywila ya ruta yenyewe, kile kiboksi kinachosambaza Wi-Fi.

Mikono mitatu. Hapo ndipo ilipo kazi yetu ya leo.

Ruta ina funguo mbili. Ufunguo wa kwanza ni ule unaompa mgeni ili simu yake ipate intaneti. Wa pili unafungua ruta yenyewe, kule ndani kunakoamuliwa nani aingie, nani atolewe, na kila anayetafuta tovuti aelekezwe wapi. Uliyempa ufunguo wa kwanza umemkaribisha sebuleni. Mwenye ufunguo wa pili ameshika hati ya nyumba. Na katika nyumba nyingi nilizoingia hapa mjini kufunga na kutengeneza mitandao, ufunguo huo wa pili uko kwa fundi aliyeondoka zamani, au haujawahi kuwa na mwenyewe kabisa: umeachwa vilevile ulivyotoka kiwandani. Jina la kuingilia ni admin, nywila ni admin. Mtu wa Mpwapwa anaujua, na mtu wa Moscow anaujua.

Najua wapo mnaosema moyoni, "Ruta yangu iko ndani, nani ataifikia?" Mwenye duka moja la nafaka pale Majengo aliniambia hivyohivyo. "Fundi, ruta iko stoo, nyuma ya magunia." Nikatoa simu, tukatoka naye kwa miguu. Mlangoni alama ya Wi-Fi imejaa. Tukavuka barabara mpaka kwa muuza chipsi, bado ina nguvu. Tukaenda hadi kijiwe cha bodaboda, hatua kama 60 kutoka dukani, na bado ukurasa ulifunguka, kwa shida, lakini ulifunguka. Wi-Fi ni redio. Ukuta wa tofali unapunguza mawimbi nguvu, hauyakatazi kupita, na yale ya gigahezi 2.4 ambayo ruta nyingi za bei nafuu hutumia yanapenya kuta vizuri kuliko ya gigahezi 5. Kitasa cha stoo hakiyahusu.

Tukarudi ndani, tukafungua ruta kwa ufunguo wa pili, ambao ulikuwa admin na admin. Nikamuuliza, una vifaa vingapi? Akahesabu kwa vidole: simu yake, simu ya mkewe, ya kijana wa dukani, kompyuta, kamera. 5. Orodha ndani ya ruta ilikuwa na vifaa 19. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana bando la mwezi linakwisha siku ya kumi." Alikuwa ameshagombana na kampuni ya simu mara mbili.

Bando ni hasara ndogo, na nataka tuipite haraka. Sikilizeni kubwa zaidi. Vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta yako vinapotoka kwenda duniani, vinatoka kwa namba moja. Kule nje hakuna anayeona simu ya mgeni wala kompyuta ya jirani. Kinachoonekana ni namba ya ruta yako, na laini iliyo ndani yake imesajiliwa kwa kitambulisho chako na alama za vidole vyako. Kijana asiyejulikana akikaa kwenye bodaboda yake akatumia Wi-Fi yako kutapeli watu au kusambaza picha za aibu za mtoto wa mwenzake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na uchunguzi utaanzia mahali palipoonekana. Utahojiwa wewe. Unaweza kuja kuonekana huna hatia, lakini utakuwa umefunga duka siku ngapi?

Sasa nieleze yaliyonipata, maana hiki ndicho kilichonifanya nizungumze habari hizi kila ninapoitwa.

Mwaka 2019 nilikuwa na duka la kutoa kopi na kuchapa kazi karibu na chuo. Nywila ya Wi-Fi niliibandika ukutani, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakiiuliza kutwa nzima. Ufunguo wa pili sikuwahi kuubadilisha. Nilikuwa najua unapaswa kubadilishwa. Kila siku nilisema nitafanya jioni. Asubuhi moja binti aliyekuwa akinisaidia alimfungulia mteja barua pepe. Kompyuta ikatoa onyo kwamba cheti cha tovuti hiyo, yaani uthibitisho kwamba ni yenyewe, hakiaminiki. Akabonyeza endelea. Yeye hana kosa, hakuna aliyewahi kumfundisha maana ya onyo lile, na wa kumfundisha nilikuwa mimi. Ukurasa ukaja, unafanana na wenyewe kwa rangi na kwa maandishi. Mteja, baba wa makamo kutoka Bahi aliyekuja kuchapa karatasi za shamba lake, akaandika nywila yake pale. Siku ya tatu ndugu zake wakaanza kupokea barua kutoka kwake, anaomba hela ya haraka ya matibabu. Shemeji yake alituma.

Nilipoingia kwenye ruta nikakuta sehemu iliyoandikwa DNS, namba zimebadilishwa. Niwaeleze hiyo ni nini. Ukiandika jina la tovuti, kompyuta haijui tovuti hiyo iko wapi, hivyo inauliza. DNS ndiye anayejibu. Ni kama mgeni aliyeshuka usiku stendi ya Nanenane, akauliza basi la Singida liko wapi. Akijibiwa na mkweli atafika kwao. Akijibiwa na mwongo atapanda gari lisilo lake, kwa miguu yake mwenyewe, na nauli atalipa. Mtu aliyeshika ufunguo wa pili wa ruta yangu alikuwa amemweka mwongo wake pale stendi, na kila mteja wangu alikuwa akiulizia njia kwake.

Nilimtafuta yule baba nikamweleza ukweli. Sehemu ya hela ya shemeji yake niliilipa mimi, kwa awamu tatu. Uso wake siku ile ninaukumbuka mpaka leo, kwa sababu hakunikasirikia. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, sisi tusiojua tutakwenda kuchapa wapi?"

Kwa hiyo jambo la kwanza mtakalofanya mkifika nyumbani ni ufunguo wa pili. Geuza ruta chini juu. Kuna karatasi ndogo imebandikwa: jina la Wi-Fi, nywila, na anwani yenye namba, mara nyingi 192.168.0.1, au 192.168.1.1, au 192.168.8.1 kwa nyingi za kuweka laini. Ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi hiyo, andika namba hizo kwenye kivinjari, pale juu unapoandikaga jina la tovuti. Utaombwa kuingia. Ukishaingia, tafuta mahali pa kubadilisha nywila ya msimamizi, uibadilishe, isifanane na ile ya Wi-Fi, uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Naam, daftari. Mwizi wa mtandaoni hasomi daftari lililo kabatini kwako. Ukiwa bado humo ndani, angalia kama kuruhusu ruta isimamiwe kutoka nje kumewashwa, uzime. Angalia kama kuna toleo jipya la programu ya ruta, uruhusu lipakuliwe, na usizime umeme wakati linaingia.

Ikiwa nywila haikubali na fundi hapatikani, nyuma kuna kitundu kidogo. Bonyeza humo kwa pini ukihesabu sekunde 10 hivi, na ruta itarudi kama ilivyotoka kiwandani. Hapa tahadhari: kama ruta uliletewa na kampuni iliyokuvutia waya wa intaneti, wapigie kwanza, maana humo ndani kuna mipangilio yao, na ukiifuta utabaki bila mtandao mpaka waje.

Tuje kwenye ufunguo wa kwanza. Hapa Dodoma nikiingia mahali nikaambiwa nikisie nywila, ninaanza na namba ya simu ya mwenye duka, ile iliyochorwa juu ya mlango. Mara nyingi ninafungua. Lakini hata kama namba haijachorwa popote, nataka muone hesabu yake, kwa sababu watu wanadhani tarakimu 10 ni nyingi.

Simu inapojiunga na Wi-Fi, yenyewe na ruta zinasalimiana, na salamu hiyo inapita hewani. Mtu aliye jirani anaweza kuinasa kwa dakika moja, akaenda nayo kwake, akakaa na kompyuta yake akijaribu nywila moja baada ya nyingine mpaka apate inayolingana na salamu ile. Haonekani na wala hana haja ya kurudi. Sasa, namba zetu za simu huanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu 8. Hiyo ni milioni 100 kwa 06 na milioni 100 kwa 07, jumla milioni 200. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, kama zile za vijana wa magemu, hujaribu zaidi ya nywila 500,000 kwa sekunde. Gawanyeni. Sekunde 400. Namba za simu zote za Tanzania, zilizopo na zisizokuwepo, zinamalizwa kabla chai haijachemka.

Chukua badala yake maneno matano ya kawaida ya Kiswahili yasiyohusiana. Fungua kamusi bila kuchagua, weka kidole, andika neno lililo chini yake. Rudia mara tano. Tuseme umepata ungo twiga kesho karanga msumari. Hata kama mwizi anajua umetumia maneno matano, na anajua umeyatoa katika orodha ya maneno 2,000 tu, kompyuta ileile itahitaji zaidi ya miaka 2,000 kumaliza kujaribu. Na mtoto wa darasa la nne anaikumbuka. Hiyo niliyoitaja msiitumie, wote mmeisikia. Mistari ya nyimbo, aya za vitabu vitakatifu na methali msitumie pia, kwa sababu wezi wanazo kwenye orodha zao.

Kuna na aina ya kufuli lenyewe. Humo ndani ya ruta mtaulizwa mchague, na majina yake hayana maelezo, kwa hiyo niwape historia fupi. Wi-Fi ya kwanza yenye kanuni ilitoka mwaka 1997, na kufuli lake liliitwa WEP. Kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameshaonyesha jinsi ya kulifungua, na leo linafunguka kwa dakika chache hata ukiweka nywila ya aina gani. Mwaka 2004 likaja WPA2, ambalo ndilo lililo kwenye ruta nyingi humu mjini. Limetutumikia vizuri, ingawa mwaka 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alionyesha ufa ndani yake, na vifaa vikalazimika kuzibwa kwa programu mpya. Hapo ndipo mnaona kwa nini nimesema toleo jipya lipakuliwe. Mwaka 2018 likatangazwa WPA3, na hili lina jambo moja kubwa: ile kunasa salamu na kwenda kuikisia nyumbani halikubali. Kila kisio lazima lifanywe mbele ya ruta. Kama ruta yako inalo, chagua WPA3. Kama simu za zamani zinakataa, chagua lile la mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Kama ina WPA2 peke yake, itatosha ukiwa na maneno matano. Kama ina WEP tu, ndugu yangu, hiyo ruta imekwisha kazi.

Halafu kuna kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha bila kuandika nywila. Kizimeni. Nyuma yake kuna namba ya tarakimu 8, na mnaweza kudhani hizo ni milioni 100. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inakagua tarakimu 4 za kwanza peke yake na kumwambia mtu kama amepatia, kisha zile za mwisho, na moja katika hizo ni ya kuhakiki tu. Kwa hiyo makisio yanashuka mpaka 11,000. Unaweka nywila ya miaka 2,000 mlango wa mbele, na nyuma umeacha mlango wa saa chache.

Wenye kamera za ulinzi, na naona mko wengi siku hizi, haya yanawahusu pia. Kamera ni kompyuta yenye jicho, nayo inakuja na nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka intaneti kikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani kama 60 hivi, basi, hakuna ufundi mwingine. Kikaingia kwenye kamera na ruta nyingi duniani, kikazitumia kwa pamoja, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo tovuti kubwa kubwa za Marekani hazikufunguka kwa saa kadhaa. Wenye kamera wengi hawakujua lolote. Picha ziliendelea kuonekana.

Sasa wenye nyumba. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, vyumba vimejengwa kila upande, na wengi mmeweka ruta moja kwa wapangaji sita au wanane, mnagawana bei yake. Ni jambo jema, mnawasaidia wanafunzi. Lakini katika mtandao mmoja vifaa vinaonana. Kompyuta ya mpangaji wa chumba namba 3 ikiwa na kirusi, inagonga milango ya vyumba vyote, pamoja na ya kwako. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, jina la pili na nywila ya pili, ambao unapata intaneti lakini hauoni vilivyo ndani. Uwasheni. Wapangaji wawe huko, na mwezi mpangaji anapohama ubadilishe nywila ya huko tu, bila kusumbua vifaa vyako. Sisi ni watu wa kukaribisha, mgeni hanyimwi maji wala Wi-Fi, na simwombi mtu aache tabia hiyo. Sebule ipo kwa ajili hiyo. Chumbani hatumpeleki.

Vijana wa kopi, hili kwenu ni zito zaidi, kwa sababu kwenye kompyuta zenu kuna vitambulisho vya watu, vyeti vya kuzaliwa, mikataba, barua za maombi ya kazi. Mara ngapi nimekaa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu, nimeunganishwa na Wi-Fi ya duka, nikaona kwenye simu folda la kazi za wateja liko wazi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake iko hapa hapa Dodoma. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, awe na jengo la ghorofa au meza moja chini ya mwavuli. Kompyuta ya kazi na printa zikae mtandao wa ndani, wateja wakae wa wageni, na mafaili ya mtu yafutwe akishachukua kazi yake. Na lile onyo la cheti likitokea, mfundisheni kila anayekaa kwenye kiti kile: acha, usiendelee, mwite mwenye duka.

Mafundi wengine watawaambia mfiche jina la Wi-Fi, au muandikishe kila simu kwa namba yake ya kifaa. Kufanya si vibaya, lakini msilale mkiamini hilo. Jina lililofichwa bado husikika hewani kila simu inapojiunga, na namba ya kifaa inaigwa kwa dakika moja.

Nina neno kwa mafundi wenzangu waliopo. Ukimaliza kufunga mtandao wa mtu, mkabidhi funguo zote mbili mkononi, mbele yake, abadilishe mwenyewe wewe ukiwa umegeuka. Najua wengine mnabaki nazo ili mteja akikwama alazimike kukuita. Mteja atakuita kwa kuwa kazi yako ni nzuri. Na siku mambo yakiharibika, mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni yule aliyebaki na ufunguo.

Na wale mnaopata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mpelekeeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ujumbe huo pamoja na namba iliyoutuma, kupitia 15040. Haichukui muda.

Naona mama pale nyuma amekuja na ruta yake kwenye kikapu, ameifunga kwa kanga. Mama, karibu mbele, chomeka kwenye soketi hii. Wengine sogezeni viti mzunguke meza, simu mkononi, na kila mtu awe na kalamu. Mama, igeuze kwanza utusomee namba iliyoandikwa chini. Nywila tutaangalia kando wakati unaandika.